Na Diski Mkobani Hadi Maingilio ya Ruvuma

Mwalimu mmoja wa Mtwara alinipigia simu mwezi wa Juni, kusi ikiwa imeshika, akanieleza kuwa ana darasa la jioni la vijana wanaotaka kutengeneza programu za simu, na kwamba darasa limekwama. Halikukwama kwenye hesabu wala kwenye mantiki. Lilikwama mlangoni. Android Studio, zana ya kuandikia programu hizo, ilikataa kuingia kwenye baadhi ya kompyuta, kwenye nyingine iliingia ikakataa kufunguka, na pale ilipofunguka ilionyesha ukurasa mtupu mahali ambapo kijana alitarajia kuiona kazi yake. Wawili walikuwa wameshaacha. Walimwambia mwalimu kuwa mambo haya ni ya watu wa Dar es Salaam.

Maneno hayo yalinichoma. Nimefundisha kazi hii kwa miaka, na nimeona vijana wenye vichwa vizuri wakipotea pale pale, kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Huamini wamepungukiwa akili, kumbe wamepungukiwa bando, au waya mzuri, au tarehe sahihi kwenye kompyuta. Nikamwambia mwalimu nitakuja. Nilikuwa sijawahi kuvuka Rufiji.

Nilianza kwa kujaza diski ya nje. Faili la kusakinishia Android Studio, lenye gigabaiti moja na zaidi, ni mwanzo tu wa safari. Ukiifungua mara ya kwanza, programu inakwenda mtandaoni kutafuta vifaa vyake: maktaba za toleo la Android unalolengea, zana za kuunganishia, zana za kuongea na simu, na emuleta ukiihitaji. Ukianzisha mradi wa kwanza, Gradle, ile sehemu inayokusanya msimbo na kuugeuza kuwa programu, inajipakua yenyewe upya kwa toleo ambalo mradi umelitaja, kisha inapakua maktaba moja baada ya nyingine. Mpaka mradi mtupu usioandikwa neno lolote uwake kwenye simu, gigabaiti kadhaa zimekwenda. Mwenye intaneti ya ofisini haoni chochote. Mwenye bando la wiki linamwishia katikati, na kazi iliyoishia katikati ni mbaya kuliko ambayo haikuanza, kwa sababu inaacha vipande vya mafaili vinavyoendelea kuleta hitilafu hata bando jipya likinunuliwa.

Nikaweka kila kitu: faili la kusakinishia, folda nzima ya vifaa vya Android, matoleo ya Gradle, na maktaba zilizokwishapakuliwa kwenye mradi niliouunganisha mpaka ukawaka.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuiamini diski kuliko ahadi ya mtandao. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam kwa njia ya gari. Tarehe 12 ya mwezi huo huo, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Mtu wa Kusini alipigwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Tangu hapo naona mpango wowote wa kufundisha kompyuta unaotegemea mtandao kuwepo kila saa haujakamilika.

Basi liliondoka Mbagala kabla ya jua. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita nzima juu ya mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo. Mzee niliyekaa naye alinisimulia jinsi walivyokuwa wakisubiri pantoni hapo Ndundu, siku nyingine wakilala, na jinsi njia ya mchanga na tope kuelekea Somanga ilivyokuwa ikimeza magari masika. Alisimulia bila kinyongo. Somanga tulisimama kwa samaki wa kukaanga, tukaona kazi ya barabara palipobomoka. Baada ya Nangurukuru nikasinzia, nikaamka Lindi, bahari ikiwa wazi mkono wa kushoto.

Mikindani ndiko nilikotamani kushuka. Basi linaizunguka ghuba polepole, nyumba za mawe za zamani zikiwa karibu na barabara kiasi cha kuona milango yake ya nakshi, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekaa juu ya mji. Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Kisha Mtwara yenyewe: barabara pana, miti, nafasi kubwa kati ya jengo na jengo, mji uliopimwa kwa ajili ya watu wengi zaidi ya waliokuja. Walioupanga walikuwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Walijenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, wakinuia mashamba makubwa ambayo hayakuwahi kuzaa walichoandika kwenye makaratasi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikang'olewa baadaye, ila kata ya Reli bado ipo mjini kwa jina hilo. Niliifikiria sana historia hii siku zilizofuata, kwa kuwa ni habari ya mchoro uliokubaliwa London kabla udongo wa Kusini haujaulizwa.

Darasa lilikuwa chumba kimoja chenye feni na madirisha ya wavu. Kompyuta za mezani zilikuwa za msaada, zilizotumika ofisini miaka mingi, na vijana watatu walikuwa na laptopu zao. Nilisalimiana na kila mmoja, nikamwomba mwalimu tusianze na somo lolote. Kila mtu aeleze tatizo lake kwa maneno yake, mmoja mmoja, wengine wakisikiliza, na ujumbe wa hitilafu asomewe mwenzake kwa sauti mpaka mwisho. Kijana anapoona maandishi mekundu hufunga dirisha haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Ujumbe ule umeandikwa kwa ajili yake, na mara nyingi sababu halisi iko mstari wa chini kabisa, ambao haufikii kwa sababu ya aibu.

Kompyuta ya kwanza ilikataa kupakua chochote, na kivinjari chake kilidai kila tovuti si salama. Kijana wake alikuwa amenunua bando mara kadhaa akidhani mtandao ni mbovu. Nikamwomba asome tarehe pembeni ya skrini. Kompyuta iliamini ni Januari ya miaka kumi nyuma. Kila tovuti salama hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha; kompyuta iliyobaki nyuma ya wakati inakiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, inakikataa, na kila upakuaji unagoma. Chanzo ni betri ndogo ya mviringo kwenye bodi ya ndani, CR2032, inayoshika saa umeme usipokuwepo. Darasani hapo mashine huchomolewa ukutani kila jioni kwa kuogopa umeme unaokuja na kurudi, kwa hiyo betri zilikuwa zimeisha karibu zote. Mwalimu alimtuma kijana kwa fundi saa sokoni, akarudi na betri mkononi. Nilifurahi kuuona uso wa yule wa kwanza saa ilipobaki mahali pake baada ya kuzima na kuwasha.

Iliyofuata iligomea njia ya mafaili. Mwenyewe alikuwa amejisajili kwenye Windows kwa jina lake na la baba yake, kukiwa na nafasi katikati, na zana kadhaa za Android hazipendi nafasi ndani ya jina la folda. Tukaviweka vifaa vyote nje, kwenye folda fupi iliyo moja kwa moja ndani ya diski kuu, tukaionyesha programu mahali pake papya. Nyingine ilitoa malalamiko kuwa faili la zipu halina mwisho. Umeme ulikuwa umekatika Gradle ikiwa inapakuliwa, faili likabaki nusu, na programu ilikuwa ikijaribu kulisoma hilo hilo nusu kila siku. Dawa yake ni kulifuta kabisa kwenye folda ya Gradle na kuweka zima kutoka kwenye diski. Kufuta kulimtisha binti mwenye kompyuta hiyo. Alidhani atapoteza kazi yake. Nikamwonyesha folda ya mradi wake ilipo, mbali na ile, ndipo akaifuta mwenyewe.

Nilimwomba kila mmoja asome na kukubali mwenyewe masharti ya leseni ya vifaa. Ni haki yake kujua anachokubali, na pia mradi hauunganishwi kama kumbukumbu ya makubaliano hayo haipo kwenye kompyuta.

Kisha tukafika kwenye emuleta, ile simu ya kuigiza inayotembea ndani ya kompyuta. Hapo niliamua jambo ambalo mwalimu hakulipenda mwanzoni: tuiache. Emuleta inataka kichakataji chenye uwezo wa kuendesha mashine ndani ya mashine, na uwezo huo mara nyingi umezimwa kwenye BIOS, hivyo inabidi kuuwasha kabla Windows haijaanza. Maelekezo mengi ya zamani humwelekeza mtu asakinishe HAXM ya Intel, na Intel iliacha kuiendeleza mwaka 2023. Hata ukiyashinda hayo yote, Android Studio yenyewe inataka RAM ya gigabaiti 8 kama kiwango cha chini, na emuleta inaongeza njaa juu yake. Kompyuta nyingi za chumba kile zilikuwa na gigabaiti 4. Zingewaka, lakini kila kubofya kungekuwa kusubiri, na kijana anayesubiri dakika nyingi kuona badiliko la rangi huacha kujaribu mambo. Kila mmoja pale alikuwa na simu ya Android mfukoni. Simu hiyo ndiyo kipimo cha kweli, kwa sababu ndiyo watakayokuwa nayo mvuvi na mkulima wa korosho.

Simu nayo ina vizingiti vyake. Unaingia kwenye mipangilio, unaigusa nambari ya muundo mara saba mpaka sehemu ya wasanidi programu ifunguke, unawasha utatuzi wa USB, unachomeka waya, kisha unakubali kwenye kioo cha simu kwamba kompyuta hii inaaminika. Wengi walifanya hayo yote na kompyuta haikuona simu. Zikatolewa nyaya zote mezani. Nyaya nyingi za bei ndogo zina nyuzi za kupitisha umeme tu. Simu inachaji vizuri na hakuna taarifa inayopita. Tukazijaribu moja moja kwa kuhamisha picha, na zilizofaulu tukazifunga uzi mwekundu ili zisichanganyike.

Ule ukurasa mtupu ulichukua muda mrefu kuliko vyote, nami sikuharakisha. Vijana walikuwa wakitumia Compose, namna ya kuandika sura ya programu ambayo Google waliitoa kwa matumizi kamili mwaka 2021. Pembeni ya msimbo, Android Studio inaonyesha hakikisho la skrini, na walikaa wakiliangalia dirisha hilo lisijae. Hakikisho halichori mpaka mradi uunganike bila kosa. Hitilafu iliyo kwenye faili jingine kabisa inatosha kulizuia. Na hata mradi ukiunganika, hakikisho linachora kipande kimoja tu cha skrini, nje ya programu inayotembea. Kama kipande hicho kinangoja data kutoka kwenye hifadhi au mtandaoni, kinakosa cha kuchora. Nikawafundisha kuligawa jambo: sehemu moja ichukue data, sehemu nyingine ipokee data na kuichora, na ile ya kuchora ipewe mfano wa maandishi machache kwa ajili ya hakikisho. Skrini zikajaa. Wale wawili walioacha walikuwa wamerudi kwa kusikia habari mtaani, wakakaa nyuma ya wenzao, kisha mmoja akaomba kiti cha mbele.

Walichokuwa wanakitengeneza kilinipendeza kuliko programu nyingi nilizoziona mjini kwetu: ratiba ya maji kujaa na kupwa. Pwani hii inaishi kwa bamvua. Maji yakipwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, watu hutoka miambani kutafuta pweza. Wenye vyombo nao wanahitaji maji yaliyojaa kupita mafungu ya mchanga. Vijana waliingiza saa za maji kutoka kwenye jedwali lililochapishwa, na programu ikawa inaeleza muda uliobaki kabla ya maji kujaa au kupwa. Mwalimu akasema sasa ikajaribiwe kunakohusika.

Tulipita kwanza Msimbati, kupitia Madimba, ambako gesi ya Mnazi Bay husafishwa kabla ya kuingia kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1982. Barabara inaishia kwenye mchanga na minazi, na bahari iliyo mbele ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650. Ni pwani nzuri mno, na sitajaribu kuieleza kwa maneno machache. Programu ilifanya kazi sawasawa.

Kilambo mambo yakabadilika. Ni mpakani, Ruvuma umetanuka, mikoko pande zote, na ng'ambo unaiona Msumbiji. Binti aliyeandika sehemu ya hesabu za muda alitoa simu, akasoma kwamba imebaki karibu saa moja maji yajae. Mzee mmoja wa mitumbwi alikuwa amekaa kivulini.

"Shikamoo babu," akamwambia.

"Marahaba mjukuu wangu. Hayo maji yameshajaa. Angalia mstari wa tope pale kwenye mikoko."

Binti akaangalia mto, akaangalia simu, macho yakaanza kulengwa. Mzee akaomba kuiona. Hakuitazama ratiba; alitazama saa iliyo juu ya kioo.

"Simu yako imeshika mtandao wa ng'ambo," akasema. "Hapa wa kwao unafika vizuri. Na saa yao iko nyuma ya yetu. Sisi huku hatuamini saa ya simu."

Alikuwa sahihi. Msumbiji iko saa moja nyuma ya Tanzania. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ilikuwa imehamia Msumbiji bila mwenyewe kuvuka mto, na programu ilikuwa ikilinganisha jedwali la Tanzania na saa ya jirani. Hakikisho la kompyutani lisingeonyesha hilo kamwe, wala emuleta, wala simu zote za Mtwara mjini. Kwa mtu anayetegemea maji kuvusha chombo au kurudi kutoka mwambani, saa moja ni hatari ya kweli.

Tukarekebisha pale pale, laptopu juu ya magoti. Programu isisome saa za eneo kutoka kwenye simu. Isome muda wa dunia na kuugeuza kwa kanda ya Africa/Dar_es_Salaam, popote simu inapodhani ipo. Mistari michache. Hatukuwa na intaneti ya kutegemea, na hatukuihitaji: Gradle iliwekwa kwenye hali ya nje ya mtandao, maktaba zote zilikuwa ndani, zimetoka kwenye diski. Mradi ukaunganika, waya wenye uzi mwekundu ukachomekwa, programu mpya ikaingia kwenye simu ile ile iliyoshika mtandao wa ng'ambo. Ikasema maji yamejaa. Mzee akauliza kama inaweza kuwekwa kwenye simu ya mwanawe, na binti akamwekea.

Nimerudi Dar es Salaam nikiwa na msimamo mmoja thabiti. Usakinishaji ni somo, na unastahili kufundishwa kwa heshima ile ile tunayoupa msimbo: tarehe, nafasi ya diski, majina ya folda, waya, faili lililobaki nusu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi waende nyumbani wakasakinishe, kisha waje darasani kuanza kazi, anachuja watu kwa bando na kwa umri wa kompyuta zao.

Nawaomba wenzangu wenye intaneti ya haraka, wa Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Zanzibar: jaza diski. Nusu terabaiti inatosha kabisa. Weka faili la kusakinishia, vifaa vya Android, toleo la Gradle linalolingana na mradi, na mradi mmoja mdogo uliokwishaunganika ukiwa na maktaba zake zote. Andika karatasi ya Kiswahili inayoeleza nini kinakwenda wapi. Mtafute mwalimu wa Newala, wa Kilwa, wa Tandahimba, umpelekee. Na kabla hujaituma, zima intaneti, ijaribu diski hiyo kwenye kompyuta ya gigabaiti 4 ambayo haijawahi kuwekwa programu hizi, mpaka mradi uwake kwenye simu.